Lenzi Mbili na Pua ya Dalacha

Kila kijana anayenitembelea hapa Ngao, nilikokuja kupumzisha mgongo baada ya kufunga studio, huniuliza swali lile lile kabla hata hajakaa vizuri. "Mzee, nina pesa za lenzi moja tu. Nichukue ya milimita thelathini na tano ama ya themanini na tano?" Zamani nilikuwa nawajibu kwa marefu na mapana, nikichora mistari ya mwanga mchangani kwa kijiti, nao wakiitikia kwa kichwa huku wakisoma simu zao. Siku hizi namuuliza tu kama amewahi kupiga magoti mbele ya pua ya ng'ombe. Wengi humaliza maji yao haraka wakaaga. Najua wakifika njiani husema mzee kachanganyikiwa. Basi ngoja niwaandikie mambo yalivyokuwa, mkishasoma ndipo mnihukumu.

Nilipiga picha Garsen kwa zaidi ya miaka thelathini. Studio yangu ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara kubwa, chembamba kiasi kwamba ukilala chali kichwa na miguu vinagusa kuta mbili. Nilikuwa na pazia la buluu, stuli, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba, kwa sababu vitana sita vya kwanza viliondoka na wateja. Nimepiga picha za vitambulisho, za harusi, za kwaya, na za mbuzi mmoja wa mahari ambaye wakwe walitaka kumwona kabla hajafika. Yule mbuzi alipendeza kuliko maharusi wengi, na nilimwambia hivyo mwenyewe.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Fundi Shee. Miezi mitatu ya kwanza hakuniruhusu kugusa kamera. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha kola za wateja na kuwakumbusha wafunge midomo. Enzi hizo za filamu tulisafisha picha kwa maji ya mto Tana yaliyochujwa kwa shuka, na mto ukifurika hata shuka haikufua dafu, tope lilipita. Mkiona picha ya zamani ya Garsen, bwana harusi ana madoadoa usoni, msidhani alikuwa na tetekuwanga. Ule ni mto. Mteja mmoja alirudi kulalamika, Fundi Shee akamwambia kwamba hata Mombasa hawapati picha yenye mto ndani yake, na yule bwana akaondoka akiwa amefurahi, akaagiza nyingine mbili.

Sasa tuje kwenye hizi praim zenu. Kwa asiyejua, praim ni lenzi isiyovuta wala kusukuma. Imetengenezwa ione upana mmoja tu hadi kufa kwake. Ukitaka mtu aonekane mkubwa, unamsogelea kwa miguu yako. Ukitaka waingie wengi, unarudi nyuma, na huku kwetu kabla ya kurudi nyuma unatazama kwanza kuna nini. Mimi niliwahi kurudi nyuma nikipiga kwaya, nikaingia mferejini mpaka kiunoni, na kwaya haikukatiza hata ubeti. Uzuri wa praim ni tundu lake. Ni kubwa, linameza mwanga hata pasipo na mwanga wa kutosha, na ukilifungua lote, kile ulichokilenga kinatoka kikali kama wembe na vilivyo nyuma yake vinayeyuka kama siagi juani. Watu hulipa kwa ajili ya huko kuyeyuka. Mimi kulinitia matatani.

Miaka michache kabla sijastaafu, lenzi yangu ya zamani ya kuvuta ilikufa. Ilikuwa imekula vumbi la Garsen kiasi kwamba ukiizungusha inalia kama jiwe la kusagia. Nilikuwa na akiba ya kununua moja, si mbili, na kwa umri wangu nilijua ndiyo itakayokuwa ya mwisho. Twalib, mtu wa Kipini anayezunguka akiuza kamera na redio zilizokwisha tumika, akaniletea mbili: ya thelathini na tano, fupi nyepesi, na ya themanini na tano, ndefu nzito kama mchi. Nikaziita Fupi na Ndefu, na ndivyo nitakavyoziita hapa.

"Ipi nzuri?" nikamuuliza.

"Ndugu yangu, mimi n'kikwambia ni hii, itakuwa n'mekutwika. Twaa zote mbili, kaa nazo wiki mbili. Moja itakutaka yenyewe. Jumamosi ya pili n'tapita, unirejeshee ilokukataa."

Nilidhani ni maneno ya biashara tu, nikazipokea.

Namna ya kulinganisha lenzi, vijana, si kusoma maoni ya watu wa mbali kwenye simu. Weka kitu kile kile, mwanga ule ule, saa ile ile. Piga tundu likiwa wazi lote, kisha nusu, kisha dogo. Tazama pembe za picha, si katikati, maana katikati kila lenzi hujitia uungwana. Piga ukielekea jua uone kama itatoa ukungu. Na unapobadilisha lenzi nje, upe upepo mgongo na uuinamishe mdomo wa kamera chini. Vumbi likiingia, usilipulize kwa mdomo, utaongeza mate na hapo utakuwa na matope. Hayo yote niliyafuata vizuri. Kosa langu halikuwa hapo.

Siku ya kwanza nilianza na Ndefu. Walikuja wachumba wawili wakataka picha ya kusimama mbele ya pazia la buluu, kuanzia nywele mpaka viatu, kwa sababu viatu vilikuwa vipya. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Ndani ya kamera naona kidevu na kifungo kimoja cha shati. Nikatoka mlangoni. Naona mpaka kiunoni. Nikarudi, nikarudi, mpaka nikajikuta ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la mbolea, naye bwana harusi mtarajiwa yuko kule ndani amekauka kama mlingoti. Hapo sasa viatu vimeingia. Ila kila ninachosema lazima nipige kelele.

"Inueni kidevu!"

Wapita njia watatu wakainua kidevu. Mama mmoja aliyebeba ndoo akainua chake, maji yakammwagikia. Nilipopiga, ikapita bodaboda iliyobeba godoro. Nikapiga tena, likapita kundi la mbuzi. Nikapiga mara kumi na moja, na katika hizo ile iliyowafurahisha wachumba ni yenye godoro. Walisema ni dalili njema.

Fupi yenyewe ilitosha ndani ya chumba bila shida. Lakini Fupi ukiikaribisha usoni mwa mtu inakuza kilicho mbele na kufukuza kilicho nyuma, na mbele ya uso wa mtu kuna nini? Kuna pua. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliitazama picha yake ya kitambulisho kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama kuna neno baya aliwahi kunitendea. Tangu siku hiyo nikaona binadamu hawafai kufanyiwa majaribio, nikatafuta uso usiolalamika.

Jirani yangu alikuwa Mama Dhahabo, mjane wa Kiorma, aliyekuwa akiniletea maziwa kila asubuhi. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wake wote isipokuwa mmoja, jike la kijivu aitwaye Dalacha, na jina hilo kwa lugha yao ni rangi hiyo hiyo. Hata ndama wa Dalacha alikufa. Wajukuu watatu walikuwa wakinywa kwa ng'ombe huyo, na maziwa yaliyobaki ndiyo yaliyonunua unga. Mimi ni Mpokomo. Habari za mpunga na kambare nitakueleza mpaka usinzie, lakini ng'ombe kwangu ni miguu minne na mkia. Nikaomba ruhusa nimpige picha Dalacha, na Mama Dhahabo akakubali, akiniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Nikampiga kwa Ndefu nikiwa hatua kumi na mbili, nikampiga kwa Fupi nikiwa nimepiga magoti, shibiri moja na nusu kutoka puani, tundu limefunguliwa lote. Nyumbani nikazilinganisha. Za Ndefu zilikuwa safi: ng'ombe mzima, pembe, masikio, nundu, kila kitu mahali pake. Nikaziona za kawaida mno. Kila simu ya Garsen ina ng'ombe wa namna hiyo. Nikazifuta zote ili kupata nafasi. Nikabakiza moja tu ya Fupi. Lo! Pua ilijaa kama sufuria ya pilau ya harusi. Macho yamekwenda pembeni kama ya samaki. Pembe zimekuwa njiti mbili huko mbali, na masikio yameyeyuka kabisa, huyaoni. Nilijiona bingwa. Niliionyesha kwa kila aliyeingia studio.

Siku ya nne maziwa hayakuja. Mama Dhahabo mwenyewe alisimama mlangoni na chupa tupu mkononi. Kundi la ng'ombe wa watu lilikuwa limepita alfajiri likiteremka kutafuta majani ya chini, na Dalacha alikata kamba akalifuata. Yule mama hakulia. Alikuwa ameshazika ng'ombe wengi mwaka ule, nadhani machozi ya ng'ombe yalikuwa yamekwisha. Lakini ile chupa alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Fundi, wewe iko picha ya Dalacha. Tuma kwa simu. Watu ataona."

Siku hizi kuna kundi la WhatsApp la mifugo waliopotea, watu wa kutoka Hola mpaka Kipini wamo. Nikatuma ile picha yangu ya ubingwa, nikaandika: jike la kijivu, mali ya mjane. Majibu yalianza kumiminika kabla sijaweka simu chini. "Buda, hii ni ng'ombe ama kiboko?" Mwingine: "Hiyo ni pua, ng'ombe amekuja nyuma kumsindikiza." Mtu mmoja aliuliza kwa huruma kabisa kama mnyama huyo ameumwa na nyuki. Mwingine akashauri achanjwe. Hakuna hata mmoja aliyesema amemwona.

Siku nne baadaye ukaja ujumbe wa sauti kutoka Kilelengwani, kwa mkulima mmoja wa Kigiriama, Mzee Kazungu. Alizungumza taratibu kama mtu anayetoa ushahidi. "Mimi niko na ng'ombe wa kijivu hapa kwangu, jike, siku ya tatu leo. Amenilia mahindi mistari miwili, nimemsamehe. Lakini si huyu wa picha, jamani. Huyu wangu ana uso wa ng'ombe."

Mama Dhahabo aliposikia aliniambia tuondoke sasa hivi. Tukapanda bodaboda moja, mimi nimekumbatia mkoba wenye kamera na lenzi mbili zilizoviringishwa kwenye leso, yeye nyuma yangu akiomba dua kwa Kiorma kwenye kila shimo. Kwa nini nilibeba kamera? Kwa sababu Jumamosi ya Twalib ilikuwa inakaribia na nilikuwa bado sijaamua. Nilikuwa na wazo la kupiga mitende ya Kilelengwani. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulipofika Dalacha alikuwa amefungwa chini ya kivuli cha ghala, anatafuna mabua ya mahindi, amenenepa. Mama Dhahabo akamwendea moja kwa moja. Mzee Kazungu akaingia kati yao, kofia mkononi, kwa heshima zote.

"Mama, usinione mbaya. Mwaka jana tulitoa fahali kwa mtu aliyesema ni wake, kumbe si wake, mwenyewe akaja baadaye na jamaa zake, kijiji kikakosa usingizi. Tangu hapo tulikata shauri, mnyama wa kupotea hatoki hapa bila picha kufanana mbele ya mwenyekiti. Ungekuja na mdomo mtupu, pengine ningewaomba wazee tukuamini. Lakini umekuja na picha, na picha ni ya mnyama mwingine."

Mwenyekiti wa kijiji akaitwa, na watu kama thelathini wakaja naye maana hakukuwa na kazi nyingine ya maana siku hiyo. Simu yangu ikapita mkono kwa mkono. Kila mtu aliitazama picha, akamtazama Dalacha, akatikisa kichwa. Walikuwapo wachungaji wawili wa Kiorma waliokuja kunywesha mifugo, watu ambao wakiona ng'ombe upeo wa macho watakwambia ni wa ukoo gani na mama yake alikuwa nani. Nao wakaigeuza simu juu chini. "Hii mimi sijaona," akasema mmoja. "Pembe hakuna, sikio hakuna. Hii mgonjwa." Alama ya sikio ya Dalacha ilikuwapo, lakini alama hiyo ni ya ukoo mzima, nusu ya ng'ombe wa delta wanayo. Mama Dhahabo akamwita Dalacha kwa jina, akaja. Mzee Kazungu naye akamwita "Njoo", akaja. Mtoto akatikisa bua la mhindi, Dalacha akamwendea mbio. Siku tatu za mahindi zilikuwa zimemfanya ng'ombe wa kila mtu.

Mama Dhahabo akanigeukia. "Fundi, picha yako inaniibia ng'ombe."

Nimewahi kutukanwa na wateja kwa lugha nne, lakini hakuna neno lililonichoma kama hilo. Picha ilikuwa ya kweli, ng'ombe alikuwa wa kweli, mwenye mali alikuwa wa kweli, na vyote vitatu vilikataa kuungana kwa sababu mzee mzima nilitaka kujionyesha. Zile picha safi za Ndefu, ambazo mtu yeyote angeziamini, nilizifuta kwa kidole changu mwenyewe.

Nikamwambia mwenyekiti kwamba kosa si la ng'ombe wala la mama, ni la lenzi, na nikaomba kuthibitisha. Nikahitaji uso. Mwenyekiti akajitolea mwenyewe, akavuta shati, akakaa kwenye kiti. Nikafunga Fupi, nikamsogelea shibiri moja na nusu, karibu kiasi kwamba nilijua mchana alikula nini. Nikapiga. Nikampa kamera atazame.

Akaisogeza karibu na macho. "Huyu," akasema kwa sauti ya chini, "ni marehemu mjomba wangu."

Kamera ikapita kwa watu. Waliomjua mjomba wakakubali kuwa ni yeye, Mungu amrehemu. Nikafunga Ndefu, nikarudi nyuma hatua kumi na mbili, ambazo zilinifikisha ndani ya kibanda cha kuku, nikapiga kutoka humo kuku wakipiga kelele miguuni. Safari hii mwenyekiti alitabasamu. "Huyu sasa ni mimi. Ila nimenenepa kidogo." Nikawaeleza: mtu ni mmoja, kiti ni kimoja, dakika mbili hazijapita. Ukisimama karibu, pua inakuja mbele na masikio yanakimbia nyuma. Ukisimama mbali, kila kitu kinarudi mahali pake. Ng'ombe ni vivyo hivyo.

Wakanong'ona. Mzee Kazungu akasema, na alisema haki, kwamba hilo linaonyesha mwenyekiti anaweza kufanana na mjomba wake, bado halijaonyesha kwamba ng'ombe huyu ni yule.

Hapo ndipo nilipopata akili, na ndiyo akili pekee ninayojivunia katika kazi hii yote. Kama kosa lilifanywa na Fupi, basi kosa lile lile lirudiwe. Picha za siku hizi huweka ndani yake tundu lilivyokuwa na saa iliyopigwa, kwa hiyo nilijua kila kitu. Nipige magoti pale pale, tundu lile lile, umbali ule ule, tulinganishe ubaya na ubaya. Tatizo ni kwamba ile ya kwanza niliipiga asubuhi, jua likiwa upande wa kulia wa ng'ombe, na sasa ilikuwa alasiri. Ilibidi Dalacha ageuzwe. Watu thelathini wakamgeuza. Akageuka zaidi. Wakamrudisha. Wachungaji wanasema mvute kamba, wakulima wanasema mpe mahindi, mwenyekiti anatoa amri kwa pande zote mbili, na ng'ombe anazunguka kama mtu aliyepotea njia ya kwenda Mombasa.

Mama Dhahabo akachoka. Akawaambia wote warudi nyuma, akashika kichwa cha Dalacha, akauinamisha uso wake mpaka pua ikagusa pua. Akaanza kuimba pole pole. Ng'ombe akatulia kama amemwagiwa maji. Baadaye aliniambia ndivyo alivyokuwa akifanya kila alfajiri tangu ndama afe; ng'ombe asiye na ndama hatoi maziwa mpaka amnuse anayemkama na kuridhika naye. Huku akiendelea kumshika, bila kuitazama simu, akasema kwa sauti watu wasikie:

"Pua hii, tundu ya kushoto, chini yake iko doa nyeusi, ndogo kama simsim. Mdomo ya juu iko kovu, alikula miba. Nywele ya jicho, kulia nyeupe, kushoto nyeusi. Angalia."

Nilikuza picha ya zamani kwenye simu. Fupi imeyeyusha masikio, imeyeyusha pembe, imeyeyusha ukoo mzima wa yule ng'ombe, lakini puani ilikuwa kali kama wembe. Doa lipo. Kovu lipo. Kope za jicho moja nyeupe. Kisha nikapiga magoti, nikapiga mpya. Kabla sijaondoa uso Dalacha akatoa ulimi akailamba Fupi yote, na mkono wangu, na sehemu ya nyusi. Vijana, mate ya ng'ombe yakikauka kwenye kioo ni gundi. Futeni papo hapo kwa kipande cha pamba kuukuu kilichofuliwa mara nyingi, kuanzia katikati kwenda nje, wala msisugue.

Mwenyekiti akaweka simu na kamera bega kwa bega. Sufuria ile ile ya pilau, macho yale yale ya samaki, doa lile lile. Kisha akamtaka Mzee Kazungu ainame ahakikishe kwa macho. Mzee Kazungu akapiga magoti mbele ya ng'ombe aliyemlisha siku tatu, akatazama chini ya tundu la kushoto, akatazama juu. Wachungaji wawili nao wakainama kwa zamu. Mmoja wao alisema amechunga ng'ombe tangu utotoni na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumtazama mmoja kutoka huko.

"Basi ni wake," akasema Mzee Kazungu, akafungua kamba mwenyewe. Akamkabidhi Mama Dhahabo, pamoja na mzigo wa mabua ya njiani. Mimi nikageukia ghala nikajifanya nasafisha lenzi. Nililia kidogo, kwa nini nifiche? Kabla hawajaondoka nikafunga Ndefu, nikampiga Dalacha picha moja kutoka mbali, safi, ng'ombe mzima, ili jambo kama lile lisitokee tena maishani mwangu. Mama Dhahabo na wale wachungaji wakarudi naye kwa miguu, siku mbili njiani.

Nilipofika Garsen nilikuwa nimeshaamua. Ndefu. Lenzi ya mtu mwenye akili timamu, isiyomdhalilisha mteja wala kumnyang'anya mjane mali yake. Kuhusu chumba, ningebomoa ukuta. Fupi nikaitia kwenye boksi lake, nikalifunga kwa utepe wa gundi, nikaliweka mezani kumsubiri Twalib.

Jumamosi asubuhi Mama Dhahabo akaja na chupa ya maziwa. Akasema anataka picha ya Dalacha ya kuweka ukutani. Nilikuwa nimeshaichapa tayari ile ya Ndefu, kubwa, nikaitoa kwa madaha. Ilikuwa picha bora ya mnyama niliyowahi kupiga. Mwanga umetoka ubavuni, pembe zimepinda vizuri, alama ya ukoo inasomeka sikioni, na ghala la Mzee Kazungu limeyeyuka nyuma kuwa rangi tu ya asali. Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa adabu.

"Ng'ombe nzuri," akasema. "Ya nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania. Nikamwonyesha alama ya sikio. Akaitikia, ndiyo, ndiyo, akairudisha mezani kama mtu anayerudisha picha ya watoto wa jirani. Kisha akaniuliza, kwa aibu kidogo, kama ile nyingine bado ninayo.

Nikaichapa. Mashine ilikuwa bado inaitoa, pua kwanza, naye ameshanyoosha mkono. Aliipokea kabla wino haujakauka, akaileta karibu na uso wake, karibu sana, na uso wote ukalegea kama wa mtu aliyefika nyumbani. Akasema neno kwa Kiorma. Halikuwa langu, sikumuuliza maana yake.

Aliondoka ameikumbatia kifuani, na kwa furaha akaondoka pia na chupa ya maziwa. Twalib alipoingia saa nne alinikuta nakunywa chai ya rangi, Fupi imetolewa kwenye boksi lake, na ndani ya boksi hilo nimeilaza Ndefu, ncha imetokeza nje kwa sababu haikuenea.